Ng'ombe wa Chambo

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimeona mtu akitoa mfukoni jiwe la kutupia mbwa, akalipasua mbele yangu, na ndani yake mkawa na mshipa wa dhahabu mnene kama kidole cha mtoto. Nimeona shimo likifumba mdomo na watu wakiwa ndani, na mmoja wao aliyekuwa ametoka kujisaidia akaketi kando akicheka, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Nimekuta chui chooni kwangu. Watu wa hapa Geita wakinijia mbio na habari zao nawaambia, kaeni, mnywe chai kwanza, halafu semeni, tuone kama nitapepesa hata kope.

Wanaonijua leo wananijua na lori langu, mabucha yangu mawili na nyumba ya bati yenye sakafu ya saruji, ambayo hakuna mtu aliyenisaidia kuijenga hata kwa kunishikia ngazi. Hawajui kwamba zamani nilikuwa mtu wa uchunguzi. Juzi mteja mmoja alikuwa anasoma gazeti pale buchani, kwa sauti, kwamba tukijitawala kutakuwa na mawaziri wetu wenyewe, kila mmoja na wizara yake, na kwamba hata sayansi na uchunguzi vitapata wizara ya kuvisimamia. Akaniangalia nilivyoshika kisu, akasema, "Haya, Mzee, wewe ungempa waziri huyo shauri gani? Uchunguzi ni kitu gani?"

Nikamwambia, "Uchunguzi ni kutembea."

Wakacheka wote waliokuwapo. Nilimkatia nyama yake, lakini nilipofunga bucha na kufika nyumbani nilijikuta bado nabishana naye. Nyumba ya vyumba sita ina nafasi kubwa ya kubishana na mtu ambaye hayupo. Basi nimeona niandike.

Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha si zamani, na serikali ilikuwa na idara yake ya kuchunguza mbung'o, upande wetu wa Shinyanga. Asiyemjua mbung'o namweleza. Ni inzi mnyonya damu, akikaa hukunja mbawa moja juu ya nyingine kama mkasi uliofungwa. Akimuuma ng'ombe, ng'ombe hafi siku hiyo. Anakonda, macho yanatoka machozi, manyoya yanasimama, halafu asubuhi moja hainuki. Pori lililoanzia ng'ambo ya Kahama likaenda kukaribia Geita lilikuwa na mbung'o wengi kiasi kwamba Msukuma mwenye akili hakupitisha humo hata mbuzi. Serikali ilitaka kujua wako wangapi, wako wapi, na wanapungua au hawapungui. Kwa kazi hiyo ilitafuta watu wenye miguu.

Karani aliyeandika watu alikuwa mtu wa Tabora, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka mahali paliponitosha."

"Ndiyo wapi hapo?"

"Darasa la pili, kwa wamisheni."

"Unajua kuhesabu?"

"Nimechunga ng'ombe wa watu tangu sijabadili meno. Jioni mmoja akikosekana nilikuwa najua ni wa rangi gani kabla wenzake hawajamaliza kuingia zizini."

"Hapa tunahesabu mainzi, bwana."

"Basi wapakeni rangi."

Alicheka mpaka kalamu moja ikamwanguka. Akaniandika. Nawaambia hivi ili mjue kwamba mdomo ndio ulionipa kazi yangu ya kwanza, wala sioni haya.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Porini kulikuwa na njia iliyokatwa, maili sita, na kila baada ya hatua kadhaa palikuwa na mti uliopigiliwa kibati chenye namba. Mnakwenda watu wawili na ng'ombe mmoja. Mmoja anamwongoza ng'ombe, na kati yenu mmebeba kitambaa cheusi kwenye miti miwili, kwa sababu mbung'o huvutwa na kitu cheusi kinachotembea. Mkifika kwenye kibati mnasimama. Mbung'o wanatua kwenye kitambaa, mgongoni kwenu na kwa ng'ombe, mnawanasa kwa wavu mdogo wa mkono na kuwatia chupani. Halafu mnaandika daftarini: namba ya kibati, madume wangapi, majike wangapi. Mwisho wa mstari kulikuwa na kisanduku cha kutia alama kuonyesha kwamba ng'ombe alikuwapo. Yeye aliitwa ng'ombe wa chambo. Mara moja kwa mwezi lori lilikuja na unga, chumvi na chupa tupu, likaondoka na daftari na chupa zilizojaa.

Mwenzangu wa kwanza alikuwa mtu wa Ushetu. Alikaa miezi minne. Asubuhi moja tukakutana na wachimbaji watatu wanaokwenda Geita, wakamwonyesha vumbi la dhahabu walilolihifadhi ndani ya unyoya wa kuku. Tulipofika kwenye kibati kilichofuata aliniambia, "Hebu shika na upande wangu." Nikadhani anataka kufunga kiatu. Hakuwa na viatu. Akawafuata wale watu, na mimi nikabaki nimeshika miti yote miwili katikati ya pori kama mtu anayetaka kutundika pazia.

Niliomba mwingine. Karani akaandika kwamba atakuja. Hakuja mwezi ule wala mwezi uliofuata, na mimi si mtu wa kuomba mara tatu. Nikabuni yangu: kitambaa nikakifunga kwenye mti mmoja begani, kamba ya ng'ombe nikaivaa kiunoni, wavu mkono wa kulia, daftari ndani ya shati. Bwana Mkubwa wa uchunguzi, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili kilichonyooka kama rula, alipokuja kunikagua alipiga picha. Akasema hajaona mtu mmoja akifanya kazi ya wawili namna ile. Picha hiyo lazima ipo mahali.

Lakini picha haisemi kwamba wiki ya tatu nilianza kuvisalimia vile vibati. Namba kumi na saba ilikuwa kwenye mninga uliopinda, nikaiona kama mzee asiyependa watu, nikawa naipa shikamoo kwa sauti ndogo na kupita haraka. Warina asali wa Kisumbwa walipita mara mbili kwa mwaka. Nilikuwa nawasikia kabla sijawaona, nikakimbia kuosha uso. Wao walitaka maji tu. Walikunywa, wakashukuru, wakaenda, na mimi nikakaa siku nzima nikirudia moyoni yale maneno machache tuliyosema, nikiyasahihisha, niliyojibu vibaya nikiyajibu vizuri.

Na mke nilikuwa naye. Hilo ndilo jambo lenyewe.

Nilikuwa nimeoa Kishapu mwaka mmoja kabla ya kuingia kazini, kwa ng'ombe ambao kaka yangu alinisaidia nao. Mke wangu alibaki kwa baba yake mpaka nitakapopata mahali. Nilipopata kambi pale porini, nyumba ya nyasi na mshahara wa serikali, nilikwenda kumchukua nikiwa nimenyoosha suruali. Mkwe wangu alikuwa mtu wa maneno machache na ng'ombe wengi. Alinipokea vizuri. Mwangaluka, mhola, mhola duhu, tukamaliza salamu za Kisukuma, akanipa kigoda, halafu akauliza swali moja.

"Huko kuna maziwa?"

"Hakuna, Baba. Kuna mbung'o."

"Mahali ambapo ng'ombe hawezi kuishi, binti yangu atakunywa nini?"

"Asali ipo, Baba."

"Mimi sikumlea kwa asali." Akatazama zizi lake. "Siku ng'ombe wataishi huko, njoo umchukue. Nami nitampa wanne wa kukamua, waende naye. Watabaki wangu, maziwa yenu."

Mke wangu alinisindikiza mpaka kwenye shamba la pamba. Alikuwa mwepesi wa ulimi kuliko mimi, na hilo silisemi juu ya watu wengi.

"Kawaambie mainzi yako yahame upesi," alisema.

"Nayahesabu."

"Kuhesabu hakufukuzi."

Tangu siku hiyo nilihesabu kama mtu anayengoja. Kila chupa iliyopungua ilikuwa hatua yake moja kunijia. Na zilipungua kweli. Serikali ilileta watu wakakata vichaka pande zote mbili za njia, na mwisho wa kiangazi wakachoma majani moto mkali. Nilizoea kurudi na chupa tatu zimejaa, zikawa mbili, ikawa moja. Nilikuwa naitikisa jioni karibu na sikio, nikisikia walivyo wachache, nikafurahi peke yangu.

Sasa niwaambie habari za ng'ombe wa chambo. Huyo hakai. Analetwa, anaumwa, anakufa, analetwa mwingine. Ndiyo kazi yake. Wa kwanza nilimchuna mwenyewe. Wa pili alikuwa maksai mwekundu mwenye paji jeupe, na alikuwa na tabia ya kuniwekea kidevu begani nikiandika daftari. Alikula chumvi mkononi mwangu. Nilimsimulia habari za Kishapu, za mke wangu, za yule mtu wa Ushetu na miti yake. Alipougua mara ya kwanza, bwana mifugo alikuja na baiskeli akamdunga sindano, akapona, na bwana mifugo akaniambia, "Akiugua tena usiniite. Noa kisu."

Kwetu mtu hampeleki ng'ombe mahali anapojua atafia. Hata mwizi wa ng'ombe hafanyi hivyo. Nikamjengea banda la nyasi, ndani nikawasha mavi makavu, moshi ukakaa, na mbung'o hawapendi moshi. Mwanzo nilimpumzisha siku moja kwa wiki. Ikawa tatu. Masika yalipoingia alikuwa hatoki kabisa ila kula majani karibu na nyumba, jua likiwa kali. Mimi nilitembea peke yangu na kitambaa changu, maili sita kwenda, maili sita kurudi, sikuruka kibati hata kimoja. Na pale mwisho wa mstari, kwenye kisanduku cha ng'ombe, niliendelea kutia alama. Alama ndogo tu, kama mguu wa kuku.

Sikujiona mwongo. Nilijiambia mbung'o ni mbung'o, na kama haniumi mimi basi hayupo. Mama yangu alikuwa akisema nina damu tamu kuliko watoto wake wote. Nilijiambia ng'ombe ni ziada. Na chupa zikazidi kuwa tupu, nikazidi kuamini ninachoandika, kwa sababu nilikitaka.

Bwana Mkubwa akaja. Akakaa juu ya sanduku, akafunua daftari ukurasa kwa ukurasa, akasema njia yangu ni safi kuliko njia zote alizonazo. Akanipa koti la kaki lenye vifungo vya shaba. Halafu akasema, "Sasa tunahitaji mtu wa kujaribu. Alete ng'ombe wachache, wakae hapa mwaka mzima. Wakiwa wazima, serikali itafungua pori hili kwa watu wa Kishapu. Malisho yao yamekwisha."

"Mtu huyo ni mimi," nikasema, kabla hajafunga mdomo.

"Una hakika na hesabu zako?"

"Bwana, njia hii naijua kuliko kiganja changu."

Akamtazama maksai aliyekuwa amelala mlangoni mwa banda lake, ananona. "Huyu ng'ombe wa chambo ana afya sana."

"Ndiyo, Bwana. Hewa nzuri."

Mke wangu alifika mwezi uliofuata, yeye na nduguye mmoja aliyerudi kesho yake, na ng'ombe wanne wa mkwe wangu. Walikuja kwa miguu kutoka Kishapu. Sitaeleza furaha yangu, kwa kuwa sijui maneno yake yanaandikwaje. Nitasema hili tu: asubuhi alipokamua nilisimama nyuma ya nyumba nikisikiliza maziwa yanavyopiga ndani ya kibuyu, nikachelewa kazini, mimi ambaye sikuwahi kuchelewa.

"Hapa ulikuwa unazungumza na nani?" aliniuliza siku za mwanzo.

"Na maksai."

"Alikuwa anajibu?"

"Hakuwa mbishi."

"Basi nimewaharibia nyumba yenu."

Alikuwa akicheka peke yake akifua. Alipanda mtama nyuma ya banda. Nilimchukua akaione njia yangu, nikamtajia vibati, na alipofika namba kumi na saba akaipa shikamoo bila kuambiwa na mtu, akasema, "Huyu amekasirika toka lini?" Nikajua nimeoa.

Hayo yalikuwa majuma sita au saba. Halafu jioni moja akaleta kibuyu akaniwekea mbele. Kilikuwa hakijafika nusu.

"Yule mweusi anatoa machozi," alisema.

"Ni moshi."

"Yeye hakai kwenye moshi. Anayekaa kwenye moshi ni huyo mtumishi mwenzako, na macho yake makavu."

"Basi ni majani mapya."

"Manyoya yamemsimama."

Nikasema atapona. Mke wangu alikuwa amekulia zizini. Alinitazama, kisha akauliza kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma, "Huyu maksai, unapokwenda kazini, unakwenda naye lini? Mimi niko hapa mwezi wa pili sijamwona akivuka ule mtaro wa mwanzo wa njia."

Nilimwambia kwamba uchunguzi una mambo yake.

Kesho yake nilikwenda njia yangu nikarudi na chupa tupu. Jua lilipolegea, yeye alimfungua maksai akamshika kamba, akampeleka chini kijitoni, mahali ambapo vichaka havikukatwa kwa sababu ya maji. Sikumzuia. Nilikaa mlangoni. Aliporudi alikuwa amefunga fundo kwenye pembe ya kaniki yake. Akalifungua juu ya jiwe tulilosagia, mbele ya miguu yangu.

"Karani wa mainzi," alisema. "Hesabu."

Walikuwa kumi na mmoja, wamepondwapondwa, maana aliwaua kwa kiganja tumboni mwa ng'ombe na kwenye miguu. Niliwageuza mmoja mmoja kwa ujiti. Mbung'o walikuwa mbung'o, zile mbawa za mkasi, lakini walikuwa wakubwa na weusi kuliko wale niliowanasa miaka yote. Hawa sikuwa nawajua.

"Mbona mimi hawaniumi?"

"Hawakutafuti wewe," alisema. "Sio kila kitu kinakutafuta wewe."

Yule mweusi alikufa juma lile. Nikachukua mbung'o wale ndani ya chupa, nikatembea siku mbili mpaka kambi kubwa ya idara. Njiani nilitengeneza majibu matatu, yote mazuri, la kwanza likimlaumu yule mtu wa Ushetu.

Bwana Mkubwa aliwatazama kwa hadubini yake muda mrefu. Alipoinua kichwa hakuwa na hasira. Alinieleza polepole, kama mtu anayefundisha, kwamba wapo mbung'o wa aina zaidi ya moja. Mmoja humfuata mtu anayetembea. Huyo ndiye niliyekuwa nikimhesabu, na huyo kweli alikuwa amekwisha. Mwingine harufu ya mtu huikimbia. Huyo hukaa kwenye vichaka vya maji na hutoka kwa ajili ya mnyama tu. "Ndiyo maana," akasema, "tunakwenda na ng'ombe."

Karani wa Tabora alikuwa amesimama mlangoni na mafaili.

"Mara ya mwisho ulikwenda na ng'ombe lini?"

Majibu yangu matatu yalikuwepo. Niliyaona yamesimama kwa mstari. Nikafikiria watu wa Kishapu waliokuwa wamekwisha kuambiwa wajiandae, na mimi nawajua kwa sura, na ng'ombe wao nawajua kwa rangi.

"Mwaka jana, Bwana. Kabla ya masika."

Alichukua daftari zangu kwenye rafu, akakaa, akachukua kalamu nyekundu. Akafunua ukurasa, akapiga mstari kutoka pembe hadi pembe. Akafunua mwingine. Zilikuwa kurasa nyingi. Nilisimama pale mpaka alipomaliza, na kila mstari nilingoja atukane. Mtu akikutukana mnakuwa wawili. Hakutukana. Mwisho akasema, "Watu walikuwa waanze kuhama mwezi ujao. Sasa hawatahama. Umekuja kusema, na hilo pia nitaliandika." Akaniambia nirudishe koti, nikalivua pale pale.

Nilirudi na bwana mifugo na sindano zake. Tulikuta wawili wamelala na mke wangu ameketi kati yao, amewafunika migongo kwa majani mabichi. Walikufa siku ile na siku iliyofuata. Wa nne alidungwa, akasimama siku chache, tukadhani atafika Kishapu, akaanguka hata hatujafika Kahama. Maksai mwekundu alipakiwa kwenye lori la idara kwenda njia nyingine, kwa kazi ile ile. Alipanda ubao bila kuvutwa. Alidhani nakuja nyuma.

Pale Kahama ndipo tulipoachana, mimi na mke wangu. Aliniambia hatakwenda nami popote mpaka nionane na baba yake nikiwa na ng'ombe wanne mkononi.

"Ungeniambia," alisema.

"Nini?"

"Kwamba ulimwonea huruma yule maksai. Mimi ningeelewa. Hata Baba angeelewa, yeye hulia ng'ombe wake akichinjwa. Tungesubiri."

"Nilitaka uje."

"Nilikuja," alisema, akajitwisha kibuyu chake.

Nikaenda Geita. Nilichimba, nikapata kidogo, nikanunua ngozi, nikauza, nikaanza kuchinja mbuzi kwa wachimbaji, halafu ng'ombe waliopita barabara ya Mwanza. Katoro nilifungua kibanda cha nyama, hakuna aliyenionyesha njia. Mchana nilikuwa na kelele za watu mpaka masikio yakauma. Nililala kwenye chumba ambacho ningeweza kugusa kuta zote mbili nikinyoosha mikono, na niliona ni kikubwa mno. Barua sikuandika. Nilijiambia barua ni ya mtu asiyeweza kwenda mwenyewe, mimi nitakwenda nikiwa nimekamilika. Ikapita miaka miwili na nusu.

Siku nilipokwenda, nilinunua ng'ombe mnadani Kishapu, sikubishana bei. Nilichagua wa maziwa watupu, mmoja mweusi kwa makusudi. Nikapata mtu wa kuniswagia, tukafika kwa mkwe wangu mchana.

"Mwadila, Baba."

"Mwadila." Akainuka, akawatazama ng'ombe kwanza, meno, chuchu, mmoja baada ya mwingine, kama inavyotakiwa. Akasema, "Ni wazuri kuliko wale." Akaagiza waingizwe zizini. Kisha akaniletea kigoda mwenyewe, na nilipoona ameleta mwenyewe nikajua.

"Mahari yako ilirudi kwa kaka yako mwaka jana," alisema. "Wote, na ndama wao. Hakukuambia?"

"Hatukuonana, Baba."

"Ameolewa upande wa Mhunze. Ana mtoto wa kiume." Akachora chini kwa fimbo. "Wewe ulisema utaleta ng'ombe, umeleta. Wewe si mtu mbaya. Lakini binti yangu sikuweza kumfunga kamba akungoje."

Wake zake walipika, nikala, ingekuwa utovu wa adabu kukataa. Alinisindikiza mpaka pale kwenye shamba la pamba, jambo ambalo mkwe hafanyi. Hakuniuliza kama nawataka ng'ombe wale warudi, nami sikusema. Walikuwa wake toka siku wale wa kwanza walipolala.

Ng'ombe wanne shilingi mia tano na themanini, ushuru wa mnada shilingi nne, mtu wa kuniswagia shilingi kumi na mbili, na nauli ya basi kurudi Geita, ya mtu mmoja, shilingi tisa na senti hamsini. Jumla yake shilingi mia sita na tano na senti hamsini.